Uzi Mpya Kwenye Kanzu ya Kagabo

Nyirahabimana alikuwa hamwamini mtu mpaka amshike nguo. Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea pale Biryogo, jijini Kigali, hata salamu hujaimaliza, vidole vyake vimeshafika kwenye upindo wa shati lako. Atauvuta, ataunusa, na ukizubaa atachomoa ncha ya uzi aichome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukawa majivu. Wa poliesta huyeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Mtu anaweza kukuapia mbele ya msikiti kwamba nguo yake ni pamba tupu, lakini kidonge kile hakiapi wala hakibishani. Yasmina, mwenye mgahawa wa chai mlango wa pili, alimwambia siku moja kwamba hata Izraili akija kumchukua itabidi akaguliwe kanzu kwanza. Nyirahabimana hakucheka. Aliona ni jambo la busara.

Hakuzaliwa hivyo. Shaka hufundishwa, na yeye alipata mwalimu hodari. Kaka yake wa pekee, Kagabo, aliondoka mwaka wa themanini na saba kwa lori la wafanyabiashara, akisema anakwenda Karagwe, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na atarudi kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja bila yeye, na nyingine, na nyingine. Kisha nchi ikapita ilikopita, barua zikakosa njia na watu wakakosa watu. Miaka mingi baadaye alitokea mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akasema ameleta salamu za Kagabo. Alilishwa wali na nyama siku tisa, akalala kwenye kitanda cha Kagabo, akasimulia mpaka mama mzee akacheka kama msichana. Siku ya kumi hakuonekana, na redio haikuonekana, na pasi ya mkaa haikuonekana. Mama hakuililia redio. Alizililia zile salamu, maana zote zilikuwa uongo, na alikufa akizililia.

Tangu hapo ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako haikuwa methali tena kwa Nyirahabimana. Ilikuwa njia ya kufanya kazi. Alirithi vyumba viwili vya mama, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani kinachotazama kichochoro. Hakuolewa, wachumba waliokuja aliwakagua mikono ya mashati wakaacha kuja. Akafika miaka hamsini na sita akiwa fundi anayeheshimiwa na asiyetembelewa.

Sasa sikia. Jumatatu moja baada ya adhuhuri, msichana mwenye miwani na begi mgongoni alisimama mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

Hiyo shikamoo peke yake ilitosha kumtia wasiwasi. Ni salamu ya Watanzania, na huko ndiko Kagabo alikopotelea. Nyirahabimana hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Shangazi ya nani?"

"Ya kwangu. Mimi ni Shami, binti wa Kagabo. Baba alifariki mwaka juzi, kule Karagwe. Mama alitangulia. Kabla baba hajafa aliniambia ana dada Biryogo, fundi, na kwamba nikifika Kigali nikuulize msikitini."

Cherehani ilinyamaza. Mtu mwingine angelia, au angemkumbatia. Nyirahabimana alihesabu vitu vya thamani vilivyokuwa chumbani: cherehani mbili, pasi ya umeme, mkasi mkubwa. Kisha akamwonyesha yule mgeni kigoda kilichokuwa mbali na vyote vitatu.

Yasmina alileta chai bila kuagizwa, maana alitaka kuona. Shami akashukuru, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Nyirahabimana aliona, na shaka ikamzidi. Utotoni, mama alikuwa akiwafunga yeye na Kagabo mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila wakati wa kula, mpaka wazoee kutumia wa kulia. Mtoto wa Kagabo, mjukuu wa mama yule, apokee chai kwa kushoto mbele ya mtu mzima? Haiwezekani.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Nafundisha chuo, shangazi. Na nachunguza nyota. Natafuta umri wake, na vitu vilivyomo ndani yake."

"Umri ya nyota." Nyirahabimana alimtazama Yasmina, Yasmina akatazama sinia. "Uriwauliza?"

Shami alitabasamu, akaeleza. Kuna makundi makubwa ya nyota yanayoitwa galaksi. Yale anayochunguza yeye yana umbo la yai, hayana mikono inayozunguka, na hayatengenezi nyota mpya, au yanatengeneza kidogo sana. Wataalamu huyaita galaksi za aina ya awali, kwa kuwa zamani waliyapanga mwanzoni mwa orodha.

"Kwa hiyo iko watoto."

"Hapana, shangazi. Ni vikongwe. Nyota nyingi humo zina miaka bilioni kumi. Jina lilibaki tu."

Hapo Nyirahabimana alijiambia kimoyomoyo kwamba mambo yameiva. Vikongwe wanaitwa wa awali, mgeni anaitwa binti wa kaka. Hata yule mwenye ndevu alikuwa na hadithi nzuri, ila yeye hakupanda mpaka kwenye nyota.

"Sawa," alisema. "Na kwangu uritaka nini?"

Msichana aliweka kikombe chini. Sauti yake ilishuka. "Jumamosi wanakuja kuniposa. Kijana anaitwa Ngabo. Upande wa mama wamebaki Karagwe, hawawezi kufika. Upande wa baba sina mtu ila wewe. Sitaki kitu kingine, shangazi. Nataka siku hiyo pawe na mtu wa kwetu."

Katika nchi hii shangazi si mgeni wa heshima tu siku ya posa. Ndiye anayemwandaa binti, ndiye anayewatazama wakwe kwa jicho kali kwa niaba ya marehemu baba. Bibi harusi asiye na shangazi hukodisha uso wa mtu, na kila mtu hujua kuwa umekodishwa. Nyirahabimana aliyajua hayo vizuri. Alijua pia kwamba anayekubali kuwa shangazi leo, kesho huulizwa kuhusu urithi wa nyumba ya bibi. Vyumba viwili, pembeni kabisa ya njia ya migahawa ya chai, mahali penye bei. Sasa akaona mtego wote, mwanzo hadi mwisho.

"Uko na kitu cha Kagabo?"

Shami alifungua begi, akatoa kanzu.

Hapo, nisiseme uongo, Nyirahabimana aliondoa mguu kwenye cherehani, akaipokea kwa mikono miwili. Kanzu ya kusafiria ya Kagabo aliishona mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kwa poplini nyeupe na uzi wa pamba. Lakini hii aliyoishika haikuwa nyeupe. Ilikuwa nyekundu ya kutu, kama tofali. Nguo nyeupe ikizeeka hugeuka rangi ya maziwa ya mgando, basi, na yeye amezishika nguo za miaka themanini. Akaipindua, akatazama kwapani. Mshono wa kwapa ulimetameta. Alichomoa ncha ya uzi, akawasha kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukawa kidonge.

Aliweka kidonge kile kiganjani, akamwonyesha Shami kama askari anayeonyesha bangi.

"Hii ni poliesta. Uzi iko ya juzi. Na hii rangi ni ya chai. Umechemsha kanzu mpya na majani, ionekane mzee. Mimi ni fundi, mwana wanjye. Ungeenda kwa mwingine."

Yasmina alishika mdomo. Shami hakujitetea upesi, na hilo pia Nyirahabimana aliliandika moyoni kama dalili.

"Shangazi," alisema hatimaye, "hayo makosa mawili ndiyo tunayofanya sisi kila siku. Galaksi ikiwa nyekundu, haraka tunasema ni nzee. Lakini nyota zikiwa na chuma kingi na vitu vizito vya aina hiyo, nazo hugeuka nyekundu hata kama hazijazeeka sana. Uzee na chuma vinatoa rangi moja. Rangi peke yake haikuambii ni kipi. Na zikiwemo nyota chache changa, zinang'aa kuliko vikongwe wote waliobaki, basi mtazamaji anaziona hizo tu, anasema kundi zima ni la juzi."

"Sasa mnajua aje?"

"Hatutazami rangi. Tunautandaza mwanga wote, unatoka na mistari myeusi, kila kitu na mstari wake. Mistari ya hidrojeni tunaiuliza umri. Ya chuma na magnesi tunaiuliza nyota zimepikwa na nini. Maswali mawili, si moja. Na magnesi ikizidi chuma, tunajua hata kwamba nyota zilitengenezwa kwa haraka, kwa sababu magnesi huja mapema na chuma huchelewa."

"Munajua hata kama fundi arikuwa na haraka," Nyirahabimana alisema kwa kejeli.

"Ndiyo, shangazi. Hata hilo."

Msichana alisimama. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini sauti ilikaa sawa. "Kijijini kwetu maji ya bondeni ni mekundu kwa chuma. Kila nguo nyeupe huishia hivyo. Kwapa alilishona mama upya, mwaka ule baba alipoanza kuumwa. Nakuachia kanzu. Ipime wewe. Jumamosi saa nne, Kagarama, nyumba ya mwalimu mwenzangu Mukasine, geti la kijani. Usipokuja, Mukasine atakaa mahali pako. Amekubali."

Akaenda zake. Nyirahabimana akahesabu tena vitu vya chumbani: cherehani mbili, pasi, mkasi. Vyote vilikuwepo, na jambo hilo lilimkera.

Siku tatu alipigana na kanzu ile. Kwa nini ameiacha? Mwizi haachi ushahidi nyuma yake. Au huuacha makusudi ili aonekane si mwizi? Alimweleza Yasmina hoja hiyo, naye akamwambia, "Sha, ukiendelea hivyo utashuku hata kivuri yako." Nyirahabimana akajibu kwamba kivuli chake anakijua, hakijawahi kumletea salamu za mtu.

Alhamisi akaamua kumaliza maneno. Kama ni chai, chai itajulikana. Alichukua kipande cha poplini nyeupe, akakichemsha kwa majani ya chai kwenye jiko la Yasmina mpaka kikawa chekundu karibu sawa na kanzu. Kisha akakata ndimu, akachukua chumvi. Kila mwanamke wa Biryogo anajua kwamba ndimu na chumvi hutoa kutu kwenye nguo. Mabati ya mahali hapa yamewafundisha. Akakamulia kipande cha chai, akakamulia upindo wa kanzu, upana wa kiganja tu, akavianika vyote juani mlangoni. Yeye akakaa kizingitini akivilinda kana kwamba vingeweza kukubaliana pembeni.

Kipande cha chai kilipauka kidogo, kikabaki cha chai. Upindo wa kanzu ulianza kulegea rangi. Aliongeza ndimu, akasugua, akasuuza kwa maji safi. Wekundu ulitoka ukaingia kwenye beseni, na chini yake kikatokea kitambaa cha rangi ya maziwa ya mgando. Rangi ya uzee, ile ile aliyoijua.

Yasmina alikuwa amesimama nyuma yake. "Ni chuma," alisema.

"Nimeona."

"Kwa hiyo mtoto hakudanganya."

"Kwa maji hakudanganya. Kanzu nzee ziko mingi duniani."

Hata hivyo hakuirudisha kanzu kwenye kamba. Aliingia nayo ndani. Akapita mbali na kwapa, mahali pale penye uzi unaometameta uliomvuta macho siku ya kwanza, akaenda kwenye upindo wa chini nyuma, ambako hakuna aliyepagusa. Akachoma ncha ya uzi. Majivu. Pamba. Akaufunua upindo, akauleta karibu na macho ili aone mshono wa mkono ulivyokwenda.

Mishono yote ilikuwa imelala upande usio wake. Fundi anayetumia mkono wa kulia, mishono yake ya upindo huinama upande mmoja, na mafundi wote wa Biryogo hushona hivyo, na yeye mwenyewe amekuwa akishona hivyo kwa miaka thelathini na zaidi. Hii ilikuwa imeinama upande wa pili, mirefu, ya pupa, kama mtu aliyekuwa akikimbizana na kitu.

Alikuwa akikimbizana na lori. Kagabo alisimama mlangoni, pale pale, akisema dada fanya haraka, wenzangu wanapiga honi. Na mama alikuwa ametoka. Nyirahabimana alitazama huku na huku, akahamisha sindano kwenye mkono wa kushoto, mkono uliofungwa kanga utoto wake wote, mkono uliokuwa mwepesi mara mbili ya mwenziwe, akaumaliza upindo huku kaka yake akicheka na kusema, "Nitakusemea kwa mama." Hakumsemea. Hakupata nafasi.

Akakumbuka kikombe cha chai na jinsi msichana alivyokipokea. Hakuna aliyemfunga mkono kule Karagwe. Kagabo hakukubali afungwe.

Nyirahabimana aliweka uso kwenye kanzu ile yenye harufu ya ndimu, akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, wateja wawili wakiwa wamesimama nje. Alimlilia kaka yake, na mama yake, na zaidi ya wote alilia kwa aibu, maana salamu za kweli zilikuwa zimefika hatimaye naye akazichoma kwa kiberiti.

Jumamosi alivaa mshanana wake wa rangi ya udongo, vazi la sherehe linalofungwa begani, akajifunga kilemba, akapanda pikipiki mpaka Kagarama. Geti la kijani lilikuwa limepambwa kwa vitambaa. Wageni walikwishakaa, upande huu wa binti, upande ule wa mwanaume, na kwenye kiti cha shangazi alikaa mwanamke mnene mpole, bila shaka Mukasine. Shami alikuwa bado ndani kwa desturi, lakini alichungulia dirishani, akamwona. Nyirahabimana akatoa kanzu kwenye mfuko, akamfunulia upindo, ule upana wa kiganja uliotakata, na sehemu nyingine yote nyekundu kama ilivyotoka Karagwe. Hakutaka kuifua yote. Wekundu ule ulikuwa miaka yote ya kaka yake.

Shami aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Mukasine alikuwa mwalimu, si mtu wa kuelezwa mara mbili. Alisimama, akampisha kiti.

Maneno ya wazee yalizunguka kama yanavyozunguka siku hizo, ya utani na ya kupimana, mpaka Shami akaletwa, akakaa karibu na shangazi yake. Mzee msemaji wa upande wa mwanaume akauliza kama wa kwa binti wana neno lolote kabla hawajakubali.

Nyirahabimana alisimama. Akavuka nafasi iliyokuwa katikati ya pande mbili, jambo ambalo halifanywi, akafika mbele ya Ngabo, kijana mrefu mwembamba aliyevaa koti jeusi. Vidole vilikwishafika kwenye mkono wa koti.

"Hii koti haikukatwa kwa ajiri yako," alisema. "Mikono imepunguzwa. Uzi haina hata mwezi moja."

Mama wa kijana akatazama chini. Nyirahabimana wa Jumatatu angemalizia hapo hapo: koti la kuazima, mposaji wa kuazima, asanteni kwa kuja. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona Shami akimtazama kama alivyotazama siku ile kiberiti kilipowaka. Akaupindua mkono wa koti nje ndani. Bitana ilikuwa imelika, laini, imesuguliwa na kifundo cha mkono wa mtu mwingine kwa miaka mingi.

"Iko ya nani?" aliuliza.

"Ya baba," Ngabo alisema. "Alifariki nikiwa darasa la pili. Mama aliipunguza mwezi huu, ili leo niwe naye."

"Arikuwa mrefu."

"Sana."

Nyirahabimana aliurudisha mkono wa koti mahali pake, akaulainisha kwa kiganja. Akamwambia mama wa kijana kwamba mshono umekaa vizuri. Kisha akageuka kwa wazee, akainua sauti ili na walioko nyuma wasikie.

"Sisi wa kwa Kagabo hatuna neno. Endeleeni."

Akarudi kukaa kando ya Shami. Vinywaji vilipoanza kupitishwa, alipokea soda yake kwa mkono wa kushoto, mbele ya wazee wote.